Kompyuta Kongwe, Programu Mpya: Namna Uzee wa Mashine Unavyomfikia Mgonjwa

Saa mbili asubuhi foleni ya mapokezi imekwisha kufika mlangoni. Mama aliyempakata mtoto mwenye homa anataja jina la mwanawe. Karani anaandika herufi chache, kisha kiwambo kinaganda. Karani anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, anasubiri, anabonyeza tena, na kisha mara ya tatu. Mama haambiwi neno zaidi ya lile ambalo wagonjwa wengi wamelizoea: "Mtandao unasumbua." Mara nyingi kauli hiyo haina ukweli. Mtandao unaweza kuwa mzima kabisa, na kinachosumbua ni kompyuta iliyonunuliwa miaka kumi au zaidi iliyopita, ambayo leo inatakiwa kuendesha programu zilizoundwa kwa ajili ya mashine zenye nguvu kubwa zaidi.

Zamani jambo hili lilihesabiwa kuwa kero ya ofisini. Sasa limeingia katika huduma yenyewe, kwa kuwa kumbukumbu za wagonjwa zinahama kutoka kwenye makaratasi. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia nchi nzima mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, unaofunguliwa kwa kivinjari cha intaneti. Tanzania iliusambaza nchi nzima mwaka 2013. Mbali na mfumo huo wa takwimu za jumla, vituo vingi vina mifumo inayomfuata mgonjwa mmoja mmoja: usajili, vipimo, dawa na malipo. Kadiri kazi hizi zinavyohamia kwenye kompyuta, ndivyo udhaifu wa kompyuta unavyogeuka kuwa udhaifu wa huduma.

Makala haya yanaeleza kwa nini programu mpya huilemea mashine ya zamani, madhara gani humfikia mgonjwa, na hatua zipi zinaweza kuchukuliwa kituoni kabla ya kununua mashine mpya.

Kinachotokea ndani ya mashine

Ili kuelewa tatizo, inafaa kuzitambua sehemu tatu za kompyuta. Ya kwanza ni prosesa, ambayo hufanya hesabu na kutekeleza maagizo. Ya pili ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM. Humo huwekwa programu na taarifa zinazotumika kwa wakati huo. Ya tatu ni diski, ambamo kila kitu hutunzwa hata umeme ukizimika.

Mfano wa masijala unaweza kusaidia. Prosesa ni karani, RAM ni meza yake, na diski ni kabati la mafaili. Karani hodari mwenye meza pana hufungua mafaili kumi kwa pamoja na kuyashughulikia bila shida. Karani huyo huyo akipewa meza inayotosha mafaili mawili tu, kila anapohitaji la tatu atalazimika kuinuka, kurudisha moja kabatini na kuleta jingine. Muda wake mwingi utaishia njiani kati ya meza na kabati, na anayemtazama kwa mbali atadhani ni mvivu.

Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. RAM inapojaa, mfumo endeshi huhamishia sehemu ya taarifa kwenye diski kwa muda, kisha huzirudisha zinapohitajika. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kijiti cha kusomea kinachosogea juu yake. Kwa taarifa zilizotawanyika mahali mbalimbali, diski ya namna hiyo huweza kusoma takriban mara mia moja tu kwa sekunde. Diski isiyo na sehemu inayozunguka, iitwayo SSD, hufanya kazi hiyo mara maelfu kwa sekunde. Taa ndogo ya diski inapowaka mfululizo huku kiwambo kimeganda, aghalabu kompyuta inahangaika kati ya meza finyu na kabati la mbali.

Kuna kikomo kingine ambacho nguvu ya karani haiwezi kukivuka. Kompyuta zenye mfumo wa biti 32 zinaweza kuhesabu takriban anwani bilioni 4.3 za kumbukumbu, yaani gigabaiti 4. Kwa kawaida mfumo endeshi wa aina hiyo hauwezi kuifaidi kumbukumbu yote inayozidi hapo. Watengenezaji wengi wa programu sasa hutoa matoleo ya biti 64 pekee, hivyo mashine ya biti 32 hunyimwa programu mpya hata kama bado inawaka vizuri kila asubuhi.

Kwa nini programu zimekuwa nzito

Ukuaji wa mahitaji ya programu unaonekana wazi katika mifumo endeshi ya Windows. Toleo la XP, lililotoka mwaka 2001, liliweza kuendeshwa kwa RAM ya megabaiti 64. Windows 7 ya mwaka 2009 ilihitaji angalau gigabaiti 1. Windows 11 ya mwaka 2021 inahitaji angalau gigabaiti 4, pamoja na nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski. Katika miaka 20 kiwango cha chini cha kumbukumbu kimeongezeka mara 64.

Sehemu ya ongezeko hili ina sababu njema. Vivinjari vya kisasa hutenganisha kurasa zilizofunguliwa ili ukurasa mmoja ukiharibika, au ukiwa na nia mbaya, usiziguse nyingine. Kinga hiyo hulipiwa kwa kumbukumbu, na ndiyo maana vichupo kumi vilivyo wazi huielemea mashine. Mawasiliano kati ya kivinjari na seva nayo husimbwa ili mtu wa kati asisome taarifa za mgonjwa. Prosesa za kale hazina vifaa maalumu vya kuharakisha usimbaji huo. Programu ya kuzuia virusi hukagua kila faili linalofunguliwa. Yote haya ni manufaa, lakini yana uzito.

Sehemu nyingine hutokana na mazoea. Ukurasa wa mtandao wa zamani ulikuwa maandishi na picha chache. Ukurasa wa leo mara nyingi ni programu kamili inayoendeshwa ndani ya kivinjari, yenye michoro, madirisha na vipengele ambavyo mtumiaji huenda asiviguse kamwe. Watunzi wengi huijaribu kazi yao kwenye mashine mpya zilizo mbele yao. Kisichochelewa mezani kwao hawakioni kuwa kizito, hadi kifike kwenye kituo cha afya chenye kompyuta ya gigabaiti 2.

Sababu ya tatu ni kusitishwa kwa matunzo. Kampuni inayotengeneza mfumo endeshi huacha kurekebisha kasoro za matoleo ya zamani baada ya muda fulani. Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Programu nyingine hufuata nyayo hizo: kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwanzoni mwa mwaka 2023. Kompyuta nyingi zilizokuwa zikitumia Windows 10 haziwezi kupandishwa hadi Windows 11 kwa kukosa kichipu cha usalama kinachotakiwa, au kwa kuwa prosesa yake haimo katika orodha iliyokubaliwa. Hivyo mashine isiyo na ubovu wowote unaoonekana hujikuta imewekwa kando.

Madhara yanayomfikia mgonjwa

Dhara la kwanza ni kusubiri. Ikiwa kila usajili unaongezewa dakika tatu kwa sababu ya kompyuta, wagonjwa 40 wa asubuhi moja wamepoteza jumla ya saa mbili katika dirisha moja tu. Muda huo huongezeka katika chumba cha daktari, maabara, malipo na dirisha la dawa. Mjamzito, mzee na mtoto mwenye homa kali hawaumii kwa kiwango sawa na mtu mzima aliyefuata cheti.

Dhara la pili ni makosa ya kumbukumbu, na hili ni zito zaidi. Karani anayebonyeza kitufe cha kuhifadhi mara tatu anaweza kumfungulia mgonjwa mmoja mafaili mawili au matatu. Matokeo ya maabara yataingia katika faili moja, na mzio wa dawa utaandikwa katika jingine. Daktari atakayefungua lile lisilo na taarifa za mzio hatapata onyo lolote. Vivyo hivyo, mtoa huduma aliyechoka kusubiri historia ya mgonjwa ifunguke anaweza kuamua kuendelea bila kuisoma.

Dhara la tatu ni ukimya wa takwimu. Kazi inapokuwa nyingi na mashine nzito, watumishi huandika kwenye daftari kwa nia ya kuingiza taarifa jioni. Jioni hupita, na wiki nayo hupita. Taarifa zinazoingizwa kwa kukumbuka hupoteza usahihi, na mipango ya dawa na chanjo inayotegemea takwimu hizo hupotoka.

Lipo pia dhara dogo ambalo si rahisi kulitambua. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza saa na tarehe mashine ikiwa imezimwa. Betri hiyo ikifa, kompyuta inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Hapo tovuti salama hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama huonekana kana kwamba muda wake haujaanza. Iwapo mfumo unachukua tarehe kutoka kwenye kompyuta hiyo, hudhurio au kipimo cha leo kinaweza kuandikwa kuwa cha zamani. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa fundi.

Uzee wa mashine na uzee wa programu

Mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara, na mkanganyiko huo una hatari. Kompyuta ya zamani inayoendesha mfumo unaoendelea kutunzwa inaweza kuwa salama kuliko kompyuta mpya isiyosasishwa.

Tukio la tarehe 12 Mei 2017 linaonyesha jambo hili. Siku hiyo programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi nyingi, ikifunga mafaili na kudai malipo ili yafunguliwe. Kwa mujibu wa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza, angalau taasisi 80 kati ya 236 zinazosimamia hospitali za umma nchini England ziliathirika, pamoja na vituo 595 vya madaktari wa familia. Ofisi hiyo ilieleza kuwa makadirio ya miadi ya wagonjwa iliyofutwa yalizidi 19,000. Wengi walidhani chanzo kilikuwa Windows XP pekee. Ukaguzi ulionyesha kuwa mashine nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inatunzwa. Rekebisho la kasoro iliyotumiwa lilikuwa limetolewa mwezi Machi, miezi miwili kabla, lakini halikuwa limewekwa.

Vituo vya Afrika Mashariki vina la kujifunza hapo. Kompyuta nzito huwashawishi watumishi kuzima masasisho na programu ya kuzuia virusi ili ipumue kidogo. Kasi inayopatikana kwa njia hiyo ni sawa na kumtoa mlinzi getini ili kupunguza msongamano. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa zinazolindwa kwa namna ya pekee na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Wajibu wa kuzilinda haupungui kwa sababu mashine ni ya zamani.

Mafunzo kutoka Mosoriot na Lilongwe

Historia ya kanda hii inaonyesha kuwa mashine duni zinaweza kutoa huduma bora zikipewa kazi inayolingana na uwezo wake. Mwezi Februari mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na mji wa Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mfumo huo ulitumia kompyuta mbili zilizounganishwa na programu ya kawaida ya hifadhidata ya ofisini, pamoja na akiba ya umeme. Kazi yake ilikuwa finyu na dhahiri: kumsajili mgonjwa na kuandika yaliyojiri katika hudhurio lake. Watafiti waliopima muda kabla na baada waliripoti kuwa ziara ya mgonjwa kituoni ilipungua kwa asilimia 22. Kutokana na uzoefu huo ulikua mfumo mkubwa zaidi wa Eldoret, na kuanzia mwaka 2004 watu wa kazi hiyo walishiriki kuanzisha OpenMRS, programu huria ambayo leo inatumika katika nchi nyingi.

Nchini Malawi, shirika la Baobab Health lilifuata njia nyingine. Mjini Lilongwe lilichukua vifaa vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya kutazama intaneti nyumbani, ambavyo biashara yake ilikuwa imekufa, likaviwekea viwambo vya kugusa na kuvigeuza kuwa vituo vya kazi vya hospitali. Vilikuwa na nguvu ndogo mno kwa vipimo vya leo na havikuwa na diski kuu inayozunguka. Vilitumia umeme kidogo, hivyo betri ziliweza kuviendesha umeme wa gridi ulipokatika. Muuguzi aliulizwa swali moja kwa kila kiwambo na kujibu kwa kidole. Njia hiyo baadaye ilisaidia usimamizi wa tiba ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI nchini humo.

Katika mifano yote miwili, walioanzisha mfumo walitazama kwanza kazi iliyohitajika na mazingira yaliyokuwapo, ndipo wakachagua programu. Vituo vingi leo huletewa programu kwanza, kisha mashine iliyopo huachiwa ijikaze.

Hatua za kuchukua kituoni

Kama ilivyo kwa mgonjwa, kompyuta nzito haipaswi kutibiwa kabla ya kuchunguzwa. Kwenye Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski kwa asilimia. Uchunguzi ufanyike wakati wa kazi nyingi, si mashine ikiwa imepumzika. Kumbukumbu ikikaribia asilimia 100, tatizo ni ufinyu wa meza. Diski ikifika asilimia 100 huku kumbukumbu ikiwa na nafasi, tatizo ni kabati. Vyote vikiwa na nafasi na bado ukurasa haufunguki, hapo ndipo mtandao au seva vishukiwe.

Baada ya kujua kilipo kikwazo, hatua zisizo na gharama hutangulia. Programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi bila kuhitajika zizuiwe. Kivinjari kibaki na kichupo cha mfumo wa afya tu wakati wa kuhudumia. Muziki, filamu na mafaili binafsi yaondolewe kwenye kompyuta ya huduma, kwa kuwa diski iliyojaa huchelewesha kila kitu na mafaili ya kubebwa kwenye flashi huleta virusi. Vumbi lililoziba feni lisafishwe na fundi, maana prosesa inayopata joto kali hujipunguzia kasi ili isiungue.

Hatua za gharama ndogo hufuata. Kubadilisha diski inayozunguka kwa SSD, na kuongeza RAM kutoka gigabaiti 2 hadi 4 au 8, huweza kuipa kompyuta ya biti 64 miaka kadhaa zaidi ya kazi. Fundi ahakikishe kuwa aina ya RAM inalingana na mashine, na nakala rudufu ya taarifa ichukuliwe na kujaribiwa kabla ya kugusa diski. Diski iliyotolewa isiuzwe wala kutupwa ikiwa na taarifa za wagonjwa. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi kabisa.

Pale ambapo Windows iliyopo haitunzwi tena na toleo jipya halikubali mashine, mfumo endeshi mwepesi wa Linux ni chaguo la kufikiriwa. Linux Mint yenye mwonekano wa Xfce, kwa mfano, inaweza kuendeshwa kwa RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 hupendekezwa. Ikiwa mfumo wa kituo hufunguliwa kwa kivinjari, mtumiaji hataona tofauti kubwa. Hata hivyo, kitengo cha TEHAMA kishirikishwe kwanza. Mashine ya kuchapa risiti, kisoma alama za vidole au programu ya kuhakiki bima inaweza kuwa imetengenezwa kwa Windows pekee, na kugundua hilo siku ya foleni ni kuchelewa. Kompyuta moja ijaribiwe kwa wiki kadhaa kabla ya kubadili nyingine.

Mgawanyo wa mashine nao ni tiba. Kompyuta dhaifu inaweza kusajili wagonjwa au kutoa dawa ikiwa kazi nzito inafanyika kwenye seva. Isipewe kazi ya picha. Kipande kimoja cha picha ya CT chenye nukta 512 kwa 512 huchukua takriban nusu megabaiti. Uchunguzi wenye vipande 500 hufikia takriban megabaiti 250, na daktari huhitaji kuvipitia haraka, mbele na nyuma. Mashine bora zaidi ya kituo haina budi kuwa mahali penye kazi ya namna hiyo, wala si katika ofisi inayoandika barua.

Kwa kompyuta zilizojengwa ndani ya vifaa vya tiba, kama vile mashine za eksirei, ultrasound au za maabara, kanuni ni tofauti. Mtumishi asibadilishe mfumo endeshi wake wala kuongeza programu bila idhini ya mtengenezaji, kwa sababu kifaa kilithibitishwa kikiwa na programu ile ile. Ikiwa mfumo wake umepitwa na wakati, njia salama ni kukitenga na intaneti, kukiruhusu kuwasiliana na seva inayohusika tu, na kuzuia matumizi ya flashi zisizokaguliwa.

Msaada wa kompyuta zilizotumika nao upokewe kwa maswali. Je, ni za biti 64? Zina RAM kiasi gani, na inaweza kuongezwa? Mfumo endeshi wake utatunzwa hadi lini? Betri za kompyuta mpakato bado zinashika chaji? Mashine isiyoweza kujibu maswali haya vizuri humhamishia mpokeaji gharama ya matengenezo, na hatimaye ya kuitupa.

Hata baada ya hatua zote hizo, kila idara iwe na fomu za dharura za karatasi. Mfumo ukiganda, huduma iendelee kwa fomu hizo, na saa halisi ya huduma iandikwe. Mmoja apewe jukumu la kuziingiza siku hiyo hiyo. Kabla ya kufungua faili jipya, karani amtafute mgonjwa kwa namba, kwa jina na kwa tarehe ya kuzaliwa. Kitufe cha kuhifadhi kibonyezwe mara moja. Ukurasa ukiganda, ufunguliwe upya na kuhakikishwa kama taarifa zimeingia, kabla ya kuandika tena.

Nafasi ya mgonjwa

Mgonjwa hawezi kuongeza RAM ya kompyuta ya hospitali, lakini anaweza kupunguza madhara ya udhaifu wake. Aitunze namba ya faili na kadi yake, na atumie majina yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila anapohudhuria. Akiulizwa kama ameshawahi kutibiwa hapo, asikubali kufunguliwa faili jipya kwa sababu tu la zamani linachelewa kuonekana. Aombe litafutwe tena.

Mzio wa dawa, ujauzito na dawa anazotumia kila siku avitaje kwa mdomo kwa kila mtoa huduma, hata kama anaamini vimo kwenye kompyuta. Kutaja jambo mara mbili hakumvunjii heshima daktari. Tarehe ya kurudi na majibu muhimu ya vipimo aombe aandikiwe kwenye kadi. Na akiambiwa kuwa mashine imeganda, ana haki ya kuuliza kwa adabu kama huduma inaweza kuendelea kwa karatasi, hasa ikiwa hali yake au ya mtoto wake inazidi kuwa mbaya. Mgonjwa mahututi huhudumiwa kwanza. Usajili unaweza kukamilishwa baadaye.

Hitimisho

Uwezo wa kompyuta ya kituo cha afya haupimwi kwa mwaka iliyotengenezwa peke yake. Hupimwa kwa kazi iliyopewa, kwa programu inayoendesha na kwa matunzo inayopata. Mashine ya zamani iliyokaguliwa, ikaongezewa kumbukumbu na kupewa kazi nyepesi inaweza kuendelea kuwahudumia watu kwa heshima. Ile isiyoweza tena kuendesha mfumo wowote unaotunzwa iondolewe kwenye mtandao wa wagonjwa, hata kama inawaka. Nao wanaotunga au kununua mifumo ya afya waijaribu kwanza kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote zilizopo vituoni, saa za asubuhi, foleni ikiwa ndefu. Mfumo ukifaulu hapo, mama mwenye mtoto wa homa hatalazimika kusubiri kiwambo kizinduke ndipo mwanawe aonwe.